Uyoga Unaokula Sukari

Kwa Bibi Chausiku mimi huwa siingii na shikamoo. Naingia na "Mke wangu upo?" naye anajibu, "Nipo, mume usiyeleta hata kilo ya unga." Bibi na mjukuu ni watani, na utani ndiyo kazi pekee niliyopata tangu nimalize kidato cha nne.

Sasa umeniponza. Wiki tatu zilizopita dada yangu Yasmin, anayesoma chuo pale Mazimbu, alinipa kombucha nimpelekee Bibi huko Mlali: chai ya sukari ndani ya chupa kubwa ya kioo, juu inaelea ngozi laini kama ulimi wa ng'ombe. Bibi akauliza inafanya nini.

"Huu uyoga unakula sukari, mke wangu. Mwezi mmoja tu, ugonjwa wako utaomba talaka."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikajua yameisha.

Leo asubuhi mama kanipigia simu nikiwa Mafiga: Bibi kaacha vidonge vya sukari tangu siku ile.

Nikamdaka Twalibu wa bodaboda. "Kanyaga, kaka." Akakanyaga. "Kanyaga tena."

"Hii pikipiki, Sufiani, si mwewe! Na tuliza magoti, utatuangusha."

Bibi nilimkuta barazani, chupa imefunikwa kipande cha kanga, ndoo ya maji ya kunywa iko miguuni.

"Mke wangu, vidonge viko wapi?"

"Vya nini? Mwenzio uyoga anaila sukari taratibu. Tena kazaa ngozi nyingine, njoo uone."

Akanywa kikombe kizima cha maji, akaenda chooni, akarudi, akanywa kingine. Mimi nikakaa, nikasimama, nikakaa.

"Bibi, siku ile nilitania."

"Sasa hivi ndiyo unatania. Nakujua."

"Uyoga unakula sukari ya kwenye chupa tu. Ukishaunywa, damuni hauli kitu."

"Mbona chai imekuwa kali? Sukari imekwenda wapi?"

"Haijaisha yote! Nyingine inabaki, nawe unaimeza."

Jirani yake Maimuna, aliyekuwa anapepeta mchele hapo uani, akadakia: "Mimi nilisema hiyo pombe!"

Bibi akanikazia macho. Ningesema ndiyo, chupa ingemwagwa papo hapo na mimi ningerudi mjini shujaa. Lakini hizo wiki tatu angezibeba kama dhambi kila akitandika mkeka wa swala, kwa uongo wangu wa pili.

"Kilevi kimo, kidogo sana, kinakuja chenyewe ikichacha. Ikikaa mno kinaweza kuzidi. Ila si hicho kilichonileta, Bibi."

"Mara dawa, mara kilevi! Mume gani huyu?"

Wakacheka wote wawili. Nikatoka mpaka barabarani alipokuwa Twalibu, nikageuka. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele ya baraza.

"Hodi. Shikamoo, Bibi."

Kicheko kikakatika. "Sufiani, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kabla."

Bibi aliitazama ile ndoo, maji yamebaki robo na jua halijafika hata utosini. Kisha akajifunga kanga vizuri. "Mwambie huyo wa pikipiki anipeleke zahanati. Wewe utatembea."

Sikutembea, nilikimbia. Nikamkuta muuguzi keshamtoboa kidole. Akasoma kipimo, akasoma tena, akaenda kumwita daktari. Vidonge Bibi alivimeza mbele yangu, baada ya kusemwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Na ule uyoga?" akaninong'oneza.

"Si uyoga hata. Ni vijidudu na hamira vimeshikana."

"Umeninywesha vijidudu wiki tatu?"

"Mtindi nao una vijidudu, mbona unakunywa?"

"Nyamaza."

Goti langu likawa linacheza peke yake. Bibi akaweka kiganja juu yake mpaka likatulia.

"Ile shikamoo usirudie, mume wangu. Imenitisha kuliko sindano."