Gauni la Kijivu Nililolipunguza Mara Tatu

Nimeshona nguo za watu miaka arobaini na mmoja. Vitambaa nilivyoviharibu navikumbuka kimoja kimoja, na kila kimoja nilikilipa. Gauni la kijivu sikuliharibu. Mshono ulinyooka, pasi ilikaa, na mjukuu wangu akaumia.

Yeye ananiita Bibi, mimi namwita Mke Mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, maana marehemu babu yake alikuwa akimwahidi kwamba mimi nikizeeka atamwoa yeye. Nilibaki naye baada ya kufa mama yake, binti yangu wa pekee. Binti yangu alifua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa. Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo, hakina madirisha, kina matundu mawili tu karibu na dari, na dawa ya madoa inachemka pamoja na maji mpaka macho yanawasha. Mwishoni alikuwa akikohoa huku ameshika ukuta. Alipokufa, wakubwa wa kazi walituonea huruma, wakampa mtoto wake kazi ileile, katika chumba kilekile. Hata msumari wa kutundikia aproni ukawa uleule.

Mwaka wa sita Mke Mwenzangu akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, asubuhi tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilikijua. Naye alijua kwamba nimekijua, tukawa hatukitaji.

Basi zimamoto walipotangaza kuchukua wanawake, aliniambia hatoki mle chumbani ila kwa mlango huo, mwingine hauoni. Masharti tuliyoyasikia yalikuwa matatu. Mtu awe hajatimiza miaka ishirini na minane, na yeye alibakiza miezi sita. Abebe begani sanamu la mtu lililojazwa mchanga, la kilo hamsini, apande nalo ngazi za ghorofa nne bila kulitua. Na kwa kimo chake, mizani isipite kilo sabini. Yeye alikuwa na sabini na nane. Hakuzipata kwa ulafi. Mtu akifua kutwa nzima hula mkate na chai ya sukari wima, akirudi nyumbani analala na viatu.

Siku hiyo aliniletea tepu yangu, akaniambia nimpime kiuno. Nikapima. Tisini na moja. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia bila sauti, kisha akaniambia tepu ile asiione tena mpaka mtihani upite, na habari za mwili wake tusizizungumze. Nikaikunja nikaitia kwenye kopo la vifungo. Mtu akiniomba jambo huwa namtimizia.

Wa kumfundisha alikuwa mzee mmoja aliyepakua mizigo ujanani, watu wanamwita Nanga. Uwanja wake uko nyuma ya gereji, na vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuchomekwa bomba. Alimfundisha kuchuchumaa na mzigo, kuuinua kwa miguu badala ya mgongo, na kupanda ngazi na gunia la mchanga. Akamwambia ale mayai, maharage na samaki, aache sukari, lakini asije akalala njaa, kwa kuwa mwili wenye njaa hujitafuna, na ukijitafuna hauchagui, mafuta unakula na misuli unakula.

Jirani yetu muuza mkaa alimwona akipita na gunia begani, akaniuliza kama mjukuu wangu anatafuta kuolewa au kuoa. Nikamjibu anajizoeza kumbeba yeye siku ghala lake litakapowaka, na kwa ukubwa ule wa makalio mtoto bado ana kazi. Tulicheka wote watatu. Siku zile bado tulikuwa tunacheka.

Sasa nieleze nilichokifanya. Nguo zake zilikuwa chache: suruali ya mazoezi yenye mpira kiunoni, ambayo humtosha mnene na mwembamba, na gauni la kazi la kijivu lenye kola nyeupe, nililomshonea mwenyewe. Mwezi wa pili wa mazoezi nililiona linampwaya kiunoni. Mtoto wa fundi kutembea na gauni linalopwaya ni aibu ya fundi. Jumamosi, wakati wa kupiga pasi, nikaligeuza ndani nje, nikaingiza ubavu huu sentimita moja na ubavu huu moja. Kitambaa ni mbele na nyuma, kwa hiyo kiuno kikapungua sentimita nne. Sikumwambia. Kwanza alishakataza mazungumzo hayo. Pili, sisi tuliolelewa zamani hatumwambii mtu amekonda. Kumwambia mtu amekonda ni kumwambia ana ugonjwa au nyumbani kwake hakuliki. Unanyamaza, unamstiri.

Baada ya wiki tano likapwaya tena, nikapunguza tena. Baada ya wiki nne nyingine nikapunguza mara ya tatu. Mikono ndiyo ilinishangaza: kiuno kinapungua, mikono inajaa, na kwenye mikono sikuwa nimeacha akiba ya kitambaa. Kwa hiyo Jumatatu alipovaa, gauni lilimbana kiunoni kwa kazi yangu na kumbana mikononi kwa kazi yake. Nilimwona akijivuta vuta mbele ya kioo. Nikafikiri anajitazama kwa kuridhika. Moyoni nikasema, mtoto kapendeza.

Mizani nayo ilimgomea. Alishuka mpaka sabini na nne, pale ikaganda wiki tisa. Alikuwa anajipima zahanati ya jirani kila Alhamisi, akirudi hasemi neno. Nilijua kwa jinsi anavyofunga mlango.

Wiki tatu kabla ya mtihani akaacha kula. Nilipika maharage yakalala. Nilichemsha mayai, akala jeupe, kiini akakisukuma pembeni ya sahani. Nilimbembeleza, nikamtania kwamba babu yake hakuwa mtu wa kuoa mifupa. Akatabasamu kwa heshima, basi. Nanga alikuja mpaka mlangoni kwangu, kofia mkononi, akaniambia mtoto ameanza kuangusha makopo aliyokuwa akiyanyanyua kwa mkono mmoja, na kama kuna linalomsumbua nimwambie. Nikamwambia ni woga wa mtihani. Siku mbili za mwisho hata maji hakunywa. Midomo ilipasuka, akaipaka mafuta yangu ya cherehani kwa bahati mbaya, akidhani ni ya kujipaka.

Siku yenyewe nilikwenda naye. Sisi wazazi tulisimamishwa nyuma ya wavu. Mle uwanjani kulikuwa na meza, mizani, na kando ya mizani mwanamke mwenye sare, tepu imening'inia shingoni kama yangu. Mke Mwenzangu alipanda mizani. Sitini na tisa na nusu. Akageuka kunitafuta, akanipungia mkono.

Nyuma yake alikuja binti mwenye mabega mapana. Sabini na tano. Nikamhurumia, nikajua anarudi nyumbani. Lakini yule wa sare akamzungushia tepu kiunoni, akasoma, akamwandika, akampitisha. Wa pili naye hivyo hivyo. Nikamuuliza mama aliyesimama karibu yangu kulikoni. Akaniambia, kama mtu anayetaja saa, kwamba anayezidi kilo hupimwa kiuno, na kikiwa chini ya themanini huhesabiwa kuwa uzito ule ni misuli, anapita.

Fundi hahitaji karatasi kwa hesabu kama hiyo. Tisini na moja, toa nne, toa nne, toa nne. Sabini na tisa. Na hizo zilikuwa za kabla hajaacha kula.

Nilishika wavu. Nilitaka kumwita, lakini nimwite nimwambie nini? Alishalibeba sanamu begani. Ngazi zile ni za chuma, ziko nje ya jengo, mtu unamwona mwanzo hadi mwisho. Ghorofa ya kwanza alipanda vizuri. Ya pili akaanza kushika reli. Ya tatu alisimama, mguu mmoja juu, mmoja chini, kama aliyesahau kitu nyumbani, kisha akaja chini kinyumenyume na sanamu likiwa juu yake.

Goti la kulia lilipasuka vipande vitatu. Daktari alisema litabeba mwili, mzigo halitabeba tena, na pia akauliza kwa nini damu ya mtoto ni kama ya mtu aliyefungiwa bila chakula. Alikaa wodini wiki saba, akilalia mashuka ya chumba kile alichotaka kukikimbia. Miaka ishirini na minane aliitimiza humo.

Sikumwambia. Kila siku nilipanga kumwambia, nikamwosha uso, nikamchana nywele, nikarudi nyumbani na neno langu.

Aliporuhusiwa kurudi kazini, kazi ya kukaa, kukunja mashuka juu ya stuli, alitaka kupiga pasi gauni mwenyewe. Akaligeuza ndani nje. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia pasi imewekwa chini.

"Bibi," alisema. "Hii mistari mitatu ya mshono ni ya nini?"

"Nilikuwa napunguza."

"Lini?"

Nikamtajia Jumamosi zote tatu. Hakupandisha sauti. Alipitisha kidole juu ya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Nanga aliniambia mizani ikigoma nisiogope, nisikilize nguo," alisema. "Alisema yeye mwanamume, hawezi kumzungushia mtoto wa watu tepu, lakini nguo haidanganyi. Kila Jumatatu nilikuwa nalivaa kusikiliza limesemaje. Likazidi kubana, Bibi. Nikajua nanenepa."

"Nilidhani nakustiri, Mke Mwenzangu. Mtu haambiwi amekonda."

"Ungenitukana tu. Ungesema nimekonda kama ufito." Akaligeuza gauni upande wa nje. "Ningekula."

Nilichukua wembe nikafumua mistari yote mitatu siku ileile. Likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nikamuuliza nilikaze walau kidogo, anakwenda kwa watu. Akasema niliache lipwaye. Analivaa hivyo hivyo, anashuka nalo ngazi za chumba cha kufulia upande upande, mkono kwenye goti, na yule muuza mkaa akituona hana utani tena, hutusalimia tu na kuinama.

Jumamosi, pasi ikishapoa, analeta mwenyewe kopo la vifungo. Anasimama mbele yangu, mikono ameinyanyua, nimpime, na kila namba niitaje kwa sauti. Kiuno, sabini na tano. Paja la kulia, limepungua tena. Mkono wa juu, uliokuwa thelathini na mbili enzi za makopo ya Nanga, wiki iliyopita ulikuwa ishirini na sita. Niliitaja. Akakohoa mara mbili, kikavu, akaniambia nipime tena.