Wapelelezi wa Kiganjani

Mwalimu Sabra aliingia kwenye kundi lile la mtandaoni kwa jina la uongo. Mumewe, Shafii, alikuwa mahabusu kwa tuhuma za kumuua Elisha, mfanyakazi wa bandarini, na watu wasiomjua hata kwa sura walikuwa wanashinda wakimjadili kama mechi ya mpira. Sabra alitaka kuwasoma wapate kumpandisha hasira. Hasira, aliona, ilikuwa afadhali kuliko kulia. Ilimtoa kitandani asubuhi, ikamfikisha shuleni.

Kundi liliitwa Sauti ya Haki Kusini. Mwenye kundi alijiita Kachero Mstaafu, na msaidizi wake Dokta Hesabu. Chini yao kulikuwa na umati wa watu wenye bando na wasio na kazi, na kila mmoja alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla hakimu hajapata hata jalada.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Elisha alikuwa mtu wa Mbeya aliyehamia Mtwara na mkewe, Lucy, kwa ajili ya kazi. Shafii alikuwa dalali wa viwanja. Alimuuzia Elisha kiwanja kando ya bahari, upande wa Mnazi Bay, na baadaye ikajulikana kwamba kiwanja kile hakikuwa cha Shafii wala cha mtu yeyote aliyemtuma. Jumamosi moja ya mwezi wa saba Elisha alimuaga mkewe kwamba anakwenda kuonana na dalali huko huko kiwanjani. Hakurudi. Watu wanaotafuta kaa walimkuta kwenye mikandaa, ile mikoko ya ufukweni, amekufa, kichwa kimepasuka. Pikipiki yake haikuonekana.

Shafii aliwaambia polisi kwamba Jumamosi hiyo hakukanyaga pwani. Alikuwa Nanyamba, mbali na bahari, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake, akipulizia mikorosho dawa ya unga ya salfa. Sabra alilisema hilo hilo alipoulizwa, kwa kuwa ndivyo mumewe alivyomwambia, na hakuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Sabra alifundisha Kiswahili darasa la sita. Kilichomkera kwanza katika kundi lile ni namna walivyoandika. “Muhuaji amezurumu roho ya mtu,” aliandika mmoja. “Apewe azabu kali,” akajibu mwingine. Sabra alisoma huku mkono unamuwasha kwa kukosa kalamu nyekundu. Watu hawa hawawezi kuiandika dhuluma, alijisemea, lakini wanaijua ilipolala!

Kisha wakaanza mali. Dokta Hesabu aliichukua picha ya harusi ya Shafii na Sabra, akaikuza mpaka vikaonekana viatu vya bwana harusi, akatangaza kuwa dalali mwaminifu hawezi kuvaa viatu vya bei ile. Viatu vile Sabra mwenyewe alivichagua kwenye mtumba, akavipeleka kwa fundi vikabadilishwe soli. Wakahamia kwenye nyumba yao ya Magomeni, hapo hapo Mtwara mjini. Mtu alipita akapiga picha geti, na geti likakadiriwa bei ya kununulia gari. Lilichomelewa na kaka yake Sabra, kwa vyuma vilivyobaki kwenye kazi nyingine. Bati zilitokana na mkopo ambao mshahara wake ulikuwa bado unakatwa. Lakini Kachero Mstaafu aliandika kwa herufi kubwa: PESA ZA DAMU. Watu mia na kitu wakabonyeza kupenda.

“Na hilo shamba la Nanyamba mnaloambiwa,” aliongeza Dokta Hesabu siku moja, “halipo. Mtu mwenye mikorosho hahangaiki na udalali wa viwanja. Hiyo ni hesabu ndogo tu.”

Sabra alicheka kwa sauti ofisini kwa walimu, mpaka mwenzake akageuka kumtazama. Shamba halipo! Alikuwa amefika pale kabla ya ndoa, baba mkwe angali hai, akakaribishwa mabibo na karanga. Kila msimu Shafii alileta gunia la korosho nyumbani. Sabra alizikaanga mwenyewe, moshi ukimtoa machozi, na nyingine akampelekea mama yake kijijini Mahurunga, akijisifu: korosho za shambani kwetu.

Akaamua kuwaumbua. Angekwenda Nanyamba, apige picha shamba mti kwa mti, azibandike pale chini ya hesabu za huyo dokta wa kujipachika, kisha aondoke kundini bila kuaga.

Alikwenda mwisho wa wiki. Shangazi yake Shafii, Bi Rukia, aliishi jirani kabisa na shamba. Sabra alimkuta uani anamenya mihogo.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwali wangu. Karibu. Pole na makubwa yaliyotufika.”

“Yataisha, shangazi. Nimekuja kupiga picha shamba letu. Huko mjini kuna wapumbavu wanasema hatuna shamba.”

Bi Rukia aliacha kumenya. Kisu kikabaki mkononi.

“Shamba lipi?”

“Si hili hapa la marehemu baba.”

“Sabra, mwanangu, mumeo hakukwambia?” Alimtazama kama anayetafuta pa kupitisha habari isimuumize mtu, akapakosa. “Lile aliliuza matanga ya baba yake hayajapoa. Lina mwenyewe, ana watu wake wanapulizia. Shafii hajakanyaga hapa tangu msimu wa juzi. Hata mimi salamu zake nazisikia kwa watu.”

“Na korosho anazotuletea?”

“Korosho zinauzwa kila mahali, mwanangu.”

Sabra alikwenda kuliona hata hivyo. Mikorosho ilikuwa imepaliwa vizuri, majani yamekuwa na vumbi la njano la salfa, na kijana asiyemjua alimwuliza kwa adabu anamtafuta nani. Hakupiga picha. Alisimama pale na harufu ya salfa ikamjaa puani, na hiyo harufu ndiyo iliyommaliza, kwa sababu ilimkumbusha nguo.

Jumamosi ile Shafii alirudi jioni, akavua nguo, akaziloweka mwenyewe kwenye beseni. Mwanamume ambaye hajawahi kuloweka hata soksi. Sabra alizifua kesho yake bila kuwaza. Mtu aliyeshinda anapulizia salfa hurudi njano kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, na nguo zake hunuka wiki nzima. Zile hazikuwa na chembe ya njano. Maji yalitoka meusi, yananuka lile tope la mikandaa ambalo mtoto yeyote aliyekulia karibu na mdomo wa mto Ruvuma analijua. Alipomwuliza, Shafii alisema aliteleza bondeni. Sabra akamwambia pole.

Pole! Alilikumbuka neno hilo njia nzima ya kurudi mjini. Na kilichomchoma kuliko vyote, kuliko hata shamba, ni kwamba wapumbavu wale walikuwa sahihi. Walifika kwenye ukweli kama kuku kipofu anavyodonoa punje, kwa kukosea viatu, kukosea geti, kukosea bati. Yeye aliyelala kitanda kimoja na mtu huyo alikuwa akimkaangia ushahidi wa uongo kila msimu na kumpelekea mama yake.

Alikwenda kituoni asubuhi iliyofuata. Mpelelezi, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimwambia kuwa yeye ni mke, halazimishwi kusema lolote.

“Najua,” Sabra alisema. “Nilisema uongo hapa bila kujua kuwa ni uongo. Nimekuja kuuondoa.”

Akaeleza habari za shamba na za nguo. Kabla hajaondoka aliomba kumwona mumewe, akaruhusiwa. Shafii alikuja akitabasamu, tabasamu lile lile la kuuzia viwanja.

“Mke wangu. Umeniletea nini?”

“Nimetoka Nanyamba.”

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama kibao cha duka lililofungwa.

“Nilitaka kukwambia, Sabra. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri.”

“Ulikuwa unanunua gunia sokoni, unalibadilisha mfuko, unaniletea?”

“Nilitaka ufurahi.”

“Na Elisha? Ulitaka afurahi naye?”

Shafii akatazama sakafu. Sabra akainuka. Hakumchukia siku ile. Alimwona mdogo tu, mdogo wa kusikitisha, mtu aliyeshindwa kusema “nimeuza shamba” akaishia kwenye maiti.

Polisi walipomletea mwenye shamba ana kwa ana, Shafii hakuchelewa. Aliwapeleka mwenyewe kwenye mkono wa bahari alikoitosa pikipiki. Alisema Elisha alidai arudishiwe fedha zake au wakamalizane polisi, wakashikana, naye akaokota pondo la mtumbwi, gongo la kusukumia chombo, lililokuwa pale ufukweni.

Ungedhani kundi la Sauti ya Haki lingeshangilia. Halikushangilia. Habari kwamba mke ametoa maelezo ziliwafikia, na jambo lililokwisha mikononi mwa wengine liliwaudhi. Dokta Hesabu alikesha na mahesabu mapya. Mwalimu wa shule ya msingi anapataje friji ya milango miwili? Kwa nini amsaliti mumewe sasa, kama si kwamba mzigo umeshafichwa? “Hana hata mtoto,” aliandika mwanamke mmoja, “kwa hiyo hana cha kupoteza.” Kachero Mstaafu akahitimisha: MKE NDIYE UBONGO WA MAUAJI.

Sabra alisoma hayo akiegemea ile friji. Ilikuwa mbovu. Waliitumia kuhifadhia nguo za baridi.

Siku mbili tatu baadaye geti liligongwa. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limenyooshwa, simu ameinyanyua mbele ya uso kama mtu anayemulika shimoni.

“Habari za mchana, mama. Tuko mubashara. Wananchi wana maswali.”

Sabra alimtambua. Aliitwa Fredi, aliuza makava ya simu karibu na soko kuu. Yeye mwenyewe aliwahi kununua kwake kava lililopasuka siku hiyo hiyo.

“Kumbe wewe ndiye Kachero Mstaafu?”

“Mimi ni mtumishi wa ukweli.”

“Umestaafu upolisi wa wapi, Fredi?”

Simu ilishuka kidogo. “Hilo ni jina la kazi.”

“Kazi ipi? Hebu waambie hao wananchi wako.”

“Mama, swali ni moja tu: ulijua lini?”

“Nilijua nilipokwenda kuuliza. Nanyamba haiko mwezini. Kuna barabara. Ninyi mlisema shamba halipo. Kuna yeyote kati yenu aliyekwenda kutazama?”

Fredi akainyanyua tena simu. “Sisi tunachambua. Kwenda ni kazi ya polisi.”

“Basi chambua na hili. Kuuwa kwa w ndivyo ulivyoandika juzi, na kwa herufi kubwa. Ni kuua. Njoo darasa la sita Jumatatu, kuna nafasi nyuma.”

Akafunga geti. Jioni video ilikuwa imezagaa, na watu waligawanyika. Nusu walisema jeuri ile ni ya muuaji kabisa, nusu walimwomba Fredi awaambie alistaafia kituo gani. Sabra hakusoma zaidi. Alijitoa kundini, na simu ikawa kimya hata akaona ajabu.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Mwishowe Shafii alikiri kuua bila kukusudia, akapewa miaka kumi na mitano. Alipokuwa anashushwa aligeuka kumtafuta mkewe kwa macho. Alimwona. Sabra hakupunga mkono, wala hakuangalia pembeni. Nje ya mahakama watu wa Sauti ya Haki walikuwa wakipigana picha na kupongezana: “Tulisema! Tulisema!” Mmoja alimpisha Sabra apite bila kujua ndiye nani, akamwita dada.

Talaka ilifuata, kimya kimya. Halafu, siku moja ya mapumziko ya shule, mwanamke aliyevaa nyeusi alimjia nyumbani. Alikuwa Lucy, mjane wa Elisha. Walikuwa wameonana mahakamani tu, kila mmoja benchi lake.

“Sijaja kwa ubaya, dada,” Lucy alisema akiwa bado amesimama. “Narudi Mbeya wiki hii. Nataka nikione hicho kiwanja kabla sijaondoka. Kila mtu amekizungumzia, mimi sijakiona. Na sina mwingine wa kumwomba.”

“Na mimi sijakiona,” Sabra alisema.

Walikodi bajaji hadi huko. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu aliwaelekeza, wakapita nyuma ya minazi, wakafika penye kijiwe cha mpaka cha saruji kilichoandikwa namba kwa rangi nyekundu. Maji yalikuwa yamejaa. Kijiwe cha pili kilikuwa ndani ya bahari, kinaonekana na kupotea. Cha tatu hakikuonekana kabisa.

Lucy alizunguka pale penye ukavu. Hakuwa na pa kuzunguka. Alipiga hatua chache, viatu vikalowa.

“Ndicho hiki?”

“Ndicho.”

“Maji makubwa ya bamvua yakija, mtu analala wapi? Juu ya mnazi?” Alicheka kicheko kikavu, cha mtu anayetema kitu kichungu. “Aliniambia tutajenga vyumba vya wageni. Wafanyakazi wa kampuni za gesi watakuja kupanga. Elisha wangu, msomi mzima, alinunua kiwanja samaki wakiwa ndani. Na wako akamuua ili asirudishe hela ya maji.”

Sabra alikitazama kijiwe cha pili kikipotea tena. Akasema, “Nilimfulia nguo zile.”

“Nilisikia mahakamani.” Lucy alivua viatu, akavikung’uta maji. “Nilikuchukia kwa hilo mwezi mzima. Baadaye nikakumbuka na mimi ndiye niliyemwekea Elisha chakula cha njiani siku ile. Tukiliandama hilo, dada, hatutamaliza.”

Maji yalizidi kupanda. Dereva wa bajaji akapiga honi kuwaita, kwamba njia ya mchangani itamzamisha wakichelewa. Lucy akamshika Sabra mkono ili asiteleze kwenye mizizi, wakarudi wakikanyaga kwa uangalifu, wakimsema vibaya kila aliyestahili.