Jiko la Mtu Mmoja

Hashimu hakutaka tena kula sinia moja na mtu yeyote. Ndiyo maana, kabla ya kupanda lori la Zakayo kwenda Lubumbashi, alipita mtaa wa Gerezani kwa Idrisa, fundi majiko, kutafuta jiko dogo la safari.

"Shikamoo mzee. Pole tena na msiba."

"Marahaba. Msiba una mwaka sasa. Nipe jiko."

Idrisa akamtolea mtungi mdogo wa gesi. Hashimu akausukuma kando. Gesi ikiisha huko porini, nani atambadilishia? La mkaa nalo Zakayo halitaki. Cheche na matairi si marafiki. Likabaki la pampu, la mafuta ya taa, shaba tupu, miguu ya kukunja, linaingia ndani ya ndoo.

"Hili litakurithi, mzee," Idrisa alisema. "Ila linataka kubembelezwa. Mafuta yachuje kwa kitambaa. Ngozi ya pampu ipake mafuta ya kula, ikikauka haisukumi upepo. Nozeli ikiziba tumia sindano yake, siyo mwiba, utalitanua tundu. Na usipige pampu kabla kichwa hakijapata moto wa spiriti, litakuwakia usoni. Lakini hili ni la mtu mmoja. Sufuria kubwa halibebi."

"Ndivyo ninavyolitaka."

Marehemu mkewe, Shamsa, alikuwa na jiko la kulisha mtaa. Chapati na maharage, pale jirani na Mnazi Mmoja, na wapagazi wa Kariakoo wote wakimwita mama. Wakubwa wa jiji walipoamka siku moja wakaona njia za miguu zimechafuka, mgambo wakalitupa lile jiko kwenye gari lingali na moto. Walaji wakatimka na sahani mkononi. Hata mmoja hakusema mwacheni mama wa watu. Presha ikampanda Shamsa, akalala, hakuinuka. Wakubwa hawakuja kuzika, wao wako kwenye viyoyozi vyao. Walaji walikuja. Wakala pilau ya msiba, wakanawa, wakaenda.

Yadi ya malori haikuwa mbali. Zakayo alipoliona jiko akashika kiuno.

"Mzee wangu, hilo jiko au kibatari?"

"La kuchemshia uji wa mtoto hilo," alidakia Rajabu, dereva wa lori la pili.

"Linanitosha," alisema Hashimu.

Zakayo akaacha kucheka. "Sikiliza. Foleni ya mpakani inaweza kula wiki nzima. Kule tunapika pamoja. Jiko kubwa lipo, na wewe utingo wangu ndiye wa kulitunza. Mtu anayejipikia mwenyewe, siku akiugua nani atajua? Utingo wa namna hiyo simbebi. Karibu sinia, tule, tuondoke."

Waliketi kwenye kivuli cha tela, ugali ukitoa moshi, wakamwachia nafasi.

"Nimeshiba," alisema Hashimu. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Akachutama kwenye gurudumu la nyuma, akawasha spiriti, akapiga pampu. Moto ukatoka wa njano, ukakohoa, ukazima. Mafuta hakuwa ameyachuja. Akatoa sindano, akazibua, akaanza upya, huku nyuma yake watu wakimega na kuchekana. Hawakumwita mara ya pili. Moto wa buluu ulipotulia, wao walikuwa wananawa. Maji ya chai yalikuwa ndiyo kwanza yanavuma Zakayo alipowasha injini.

Hashimu akamwaga maji, akalifunga jiko kwenye gunia, akasimama chini ya mlango wa lori. Akikataliwa, ni kurudi kwenye kile chumba chenye kitanda cha watu wawili.

Zakayo akausukuma mlango ukafunguka.

"Panda. Utingo mwingine nitamtoa wapi saa hizi?"

Akapanda. Jiko lilikuwa bado la moto, joto likipenya gunia hadi mapajani, lakini hakuliweka chini. Hawajafika mbali simu ya Zakayo ikalia. Alikuwa Rajabu. Zakayo akasikiliza kidogo, akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

"Eti kitunguu! Rajabu, Mungu anakuona!"

Hashimu naye alijikuta anatabasamu.

"Kitunguu gani?" aliuliza.

"Aa, mzee." Zakayo alijifuta macho. "Hiyo ilikuwa stori ya kwenye sinia."

Akaongeza sauti ya redio.