Aliyeiombea Mashine

Shangazi alipiga magoti mbele ya binti wa kaka yake, akamfunga vifungo vya blauzi kama anavyofungwa mtoto wa chekechea. Binti alitazama ukuta. Mkono wake wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko, umezungushiwa bandeji ambayo Shangazi aliifua mwenyewe kila jioni.

"Shangazi, leo mkaguzi akikuuliza, sema hujui."

"Lakini najua."

"Kujua kwako kutanifunga vifungo maisha yote? Bosi kaniambia nikikubali nilizembea, ataniweka mlangoni nipokee nguo. Ukisema vingine, sote wawili tumekwenda na maji."

Shangazi alimalizia kifungo cha shingoni, akanyanyuka kwa kujishika magoti. Uongo hakuuweza. Tangu abatizwe alikuwa ameukataa hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba wameshakula. Kule kiwandani walimwita Mama Sala, na ndiye aliyeongoza maombi kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa.

Kiwanda kilifua mashuka ya mahoteli na hospitali. Kazi ilipozidi, Bosi alimwamuru fundi aking'oe chuma kilichozuia mikono kwenye mashine ya pasi, ile yenye magogo mawili ya moto yanayomeza shuka bichi na kulitema limenyooka. Alidai chuma kinachelewesha kazi. Wafanyakazi walinung'unika. Bosi alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, na kanzu za kwaya zilifuliwa kwake bure. Hakugombana na mtu. Alimwita Mama Sala.

"Mama, hebu tuiombee hii mashine. Ulinzi wa Mungu utashindwa na kipande cha chuma?"

Naye akaiombea. Aliweka viganja juu ya bati lililokuwa bado na joto, akalia mbele za Mungu mpaka shingo ikamtoka mishipa, watu wakaitikia amina na kurudi kazini. Binti ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Tangu magogo yale yammeze Binti mkono, amina ile ilikuwa ikimla Mama Sala roho.

Mkaguzi wa usalama kazini alifika asubuhi hiyo, kavaa shati jeupe la mikono mirefu. Alikuta chuma kipo mahali pake, kimepakwa rangi ya kijani.

"Hiki hapa, mheshimiwa," Bosi alisema. "Hakijawahi kung'olewa. Kama huniamini mimi, muulize Mama Sala. Huyu hata akitishiwa kifo hasemi uongo."

Alilisema hilo bila wasiwasi, kwa sababu alishaongea na Binti, na alijua shangazi na mpwa wanalala chumba kimoja. Fundi aliinama, akajishughulisha na kamba za viatu vyake.

Mama Sala alimwona Binti mlangoni, akitikisa kichwa taratibu: hapana, hapana. Kisha akasema.

"Kimerudishwa jana. Rangi haijakauka, shika uone."

Mkaguzi aliitazama rangi, akautazama mkono wa shati lake, akaacha.

"Nani alikitoa?"

"Bosi aliamuru kitolewe."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliomba."

"Uliomba kitolewe?"

"Niliomba mashine isitudhuru."

Mtu mmoja nyuma ya mafurushi alicheka. Mkaguzi naye alitabasamu, akamgeukia Binti. "Wewe uliyeumia unasemaje?"

"Nilizembea," Binti alisema, macho sakafuni.

"Basi." Yeye na Bosi wakapanda ofisini kunywa chai. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakuiona ya Bosi, ilivyotiwa lami.

Mama Sala hakufukuzwa kazi. Aliambiwa akapumzike mpaka aitwe, na hakuitwa. Binti alipewa kiti cha mlangoni, akahamia kwa rafiki yake, akaondoka na nguo zake bila kuaga. Kanisani, baraza la wazee lilikaa, Bosi akiwa mmoja wao, likamkuta Mama Sala na hatia ya kumshuhudia ndugu uongo. Alizuiwa Meza ya Bwana, akapelekwa benchi la nyuma karibu na mlango, wanakokaa walio chini ya nidhamu, mpaka atakapokiri mbele ya watu.

Mchungaji alimvuta kando. "Mama, mimi nakuamini. Lakini Bosi akijitoa, hili paa la kanisa tutamaliziwa na nani?"

"Kama unaniamini, Mchungaji, utanibatiza tena jina lipi? Mwongo?"

Mchungaji alimpigapiga begani, akaenda kusalimia wageni.

Jumapili iliyofuata Binti aliitwa mbele kutoa ushuhuda. Alipopita kwenye benchi la nyuma, Mama Sala aliona vifungo vya blauzi vimepishana, kola imekaa upande. Alinyanyuka nusu, mkono umeshatangulia. Mhudumu wa mlangoni akamwashiria akae. Walio chini ya nidhamu hawasimami wakati wa ushuhuda.

"Namshukuru Mungu," Binti alisema kwenye kipaza sauti, Bosi akiwa kando yake. "Nilizembea, lakini kaniachia mkono mmoja. Na kazi ninayo."

"Mpigieni Bwana makofi!" Mchungaji alipaza sauti.

Kanisa likalipuka. Mama Sala alivishika viganja vyake mapajani, vile vile vilivyoiombea mashine, akavikataza. Kule mbele Binti naye aliinua mkono wake, ukabaki hewani, hauna pa kupigia. Bosi alimwona. Akacheka kwa furaha, akamkingia kiganja chake. Binti akapiga, akapiga tena, na watu wote wakasema amina.