Barua Iliyongoja Pentekoste

Tangazo lile nililiona kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa sabuni dukani. Wakala wa Serikali unaoshughulikia setilaiti na picha za anga ulitaka makarani wasaidizi kumi na wawili. Elimu, kidato cha nne. Umri usizidi miaka thelathini. Uzoefu si lazima.

Hayo maneno ya mwisho niliyasoma mara tatu. Tangu nipate cheti, kila kazi niliyoomba walitaka uzoefu wa miaka miwili, na uzoefu wangu mimi ni wa kuchambua chai kiwandani. Cheti chenyewe nilikipata kwa masomo ya jioni pale Ibighi. Miaka minne nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja darasani, vumbi la chai likiwa bado kwenye nywele. Sasa nilikuwa na miaka thelathini, na mwezi wa saba ningetimiza thelathini na mmoja. Ilikuwa nafasi hii au basi.

"Jamani, Vaileth anaenda mwezini!" Doreen aliwatangazia wenzetu kiwandani, kwenye meza ya kuchambulia. "Ukifika huko juu utusalimie bibi yangu. Mwambie deni la kuku nimelisamehe."

"Siendi mwezini. Kazi ni kupanga picha za mawingu na kuandika tarehe."

"Mawingu? Si utoke tu hapo nje? Rungwe nzima ni mawingu!"

Walicheka, nami nikacheka. Mwalimu Obed, aliyetufundisha hisabati, alinisaidia kuandika barua ya maombi. Kwenye anwani niliandika sanduku la posta la kanisa letu la Kawetele, maana nyumbani hatuna sanduku. Ufunguo wake hukaa kwa Mzee Ambilikile, mzee wa kanisa, ambaye kila Jumatatu hupeleka ndizi Tukuyu na kupitia posta. Kisha nikafunga siku tatu, nikimwomba Mungu jambo hilo moja tu.

Kila Jumatatu jioni nilipita kwa mzee kuuliza. Wiki tano alitikisa kichwa. Wiki ya sita alitabasamu.

"Vumilia, mwanangu. Mambo ya Kyala, Mungu wetu, yana wakati wake."

Nilidhani ananifariji. Nilimshukuru kabisa, nikaenda zangu.

Jumapili ile ilikuwa Pentekoste, kanisa limejaa hadi mlangoni. Baada ya matangazo Mzee Ambilikile akasimama, akafungua Biblia yake, akatoa bahasha ya kaki yenye nembo ya Serikali.

"Kanisa la Mungu! Serikali imemwandikia binti yetu!"

Vigelegele vikapasuka. Akina mama walinisukuma mbele huku wakiimba. Mtu alinifuta jasho kwa kanga yake, mwingine alinikumbatia kabla sijafika. Mzee akanipa bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Soma, mwanangu. Soma kwa sauti, wote wasikie."

Nikasoma. Kwamba maombi yangu yamepokelewa. Kwamba nimechaguliwa kufanya usaili. Vigelegele tena. Kwamba usaili utafanyika Mbeya, siku ya Alhamisi, tarehe 20 Mei, saa mbili asubuhi.

Siku ile ilikuwa tarehe 23.

Niliirudia tarehe kwa macho. Akina mama waliendelea kuimba kidogo, wakadhani nimezidiwa na furaha.

"Mzee, barua hii ilifika lini?"

"Jumatatu," alisema, bado anatabasamu. "Nikaona nikupe leo, siku ya Roho Mtakatifu. Ulipofaulu mtihani hukutuambia, tulisikia sokoni kama wageni. Safari hii nilitaka kanisa lifurahi pamoja nawe."

Nikamwonyesha mstari wa tarehe. Alisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu. Tabasamu lilichukua muda kuondoka.

Kesho yake alfajiri, nikitoka kwenda Mbeya kuwaomba, nilimkuta mzee amesimama njiani na koti lake la ibada. Ndizi hakubeba. "Twende wote," alisema. "Nitawaeleza mimi."

Mbeya tulimkuta kijana mmoja wa wakala, Bwana Fred, akifunga makaratasi kwenye maboksi. Alitusikiliza kwa adabu. Alifungua daftari, akakuta jina langu, na pembeni yake, kwa kalamu nyekundu: *Hakufika.*

"Dada, pole sana. Wasaili walirudi Dar es Salaam Ijumaa. Orodha wameondoka nayo."

"Naomba nifanye mtihani sasa hivi. Hapa hapa kwenye benchi."

"Ukishaufanya nimpe nani?"

"Kosa ni langu, mwanangu," Mzee Ambilikile akaingilia. "Huyu hana hatia. Andika jina langu hapo."

"Mzee, fomu haina sehemu ya jina la aliyechelewesha."

"Basi andika chini. Nafasi ipo, naiona."

Bwana Fred alikaribia kucheka, akajizuia. Akanigeukia. "Jaribu tena mwakani. Barua yako ni nzuri. Una miaka mingapi?"

Nilimwambia. Akaangalia fomu, halafu akaangalia maboksi yake. Hakurudia neno la mwakani.

Tulikwenda stendi kwa miguu. Miaka minne nimejifunza kuwasamehe walimu wasiokuja, umeme uliokatika, wasimamizi walionibadilishia zamu siku ya mtihani. Wote hao hawakunipenda wala kunichukia. Huyu alinipenda, na ndiye niliyeshindwa kumtazama.

"Tumwachie Mungu," alisema tulipofika.

"Mzee, Mungu alijibu Jumatatu. Wewe ndiye uliyemwambia asubiri."

Maneno yalitoka kabla sijayapima, na sikuyarudisha. Alivua kofia. Akaniuliza kama naweza kutuombea kabla ya safari, kama ninavyofanya kwenye jumuiya.

"Omba wewe. Mimi nina neno na Mungu, lakini bado ni kali."

Akaomba kwa Kinyakyusa, taratibu, katikati ya kelele za stendi. Hakuniombea kazi. Hakuniombea chochote. Alijiombea msamaha yeye tu, akitaja barua, akitaja siku, akitaja jina langu. Nilifumba macho nikingoja hasira iondoke, kama inavyoondokaga nikiomba. Haikuondoka.

Akasema amina.

Nikafumbua macho. Utingo akaita "Tukuyu, Tukuyu!" mara mbili, watu wakaanza kupanda, na mzee bado amesimama na kofia mkononi, ananingoja niitikie.