Jina la Baba Mkwe

Ukungu ulishuka tukiwa katikati ya kinamasi, mimi na baba mkwe wangu, tunakata ukangaga wa mikeka. Huku mlimani ukungu haupigi hodi. Niliinama kufunga mzigo, nilipoinuka sikuona tena mlima wa ng'ambo wala baba mkwe.

Mimi kwetu Ilagala, ufukweni mwa ziwa. Maji nayajua yakiwa maji. Ya huku juu yamejificha chini ya majani, ukikanyaga yanabonyea kama godoro. Penye ukangaga mnene mizizi inakubeba. Penye majani mafupi, laini, ya kijani cha kung'aa, chini hakuna kitu. Mwaka jana ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Leodgar, aliingia hapo asubuhi. Mchana tuliona pembe tu.

"Dada Regina!" Scola, binti wa Leodgar, aliita kutoka upande wa pili, walikokuwa wakikata wao. "Upo?"

"Nipo. Na wewe?"

"Nipo na baba. Tumekaa tu. Msitembee!"

"Atembee nani, kwani tumechoka kuishi?" Nikacheka.

Kicheko hakijaisha nikasikia ardhi inatikisika chini ya miguu yangu. Ikatulia. Ikatikisika tena. Mtu alikuwa anatembea.

Baba mkwe ana mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Nikamwona kama kivuli, mzigo kichwani, anaelekea kwenye ule uwazi wa kijani. Nadhani alipaona pamenyooka akafikiri ndiyo njia ya nyumbani.

"Baba!" nikaita.

"Naam!" Aliyeitika ni Leodgar.

"Siyo wewe, mzee! Baba! Simama!"

"Mbona tumekaa, mwanangu!" Leodgar tena.

Kivuli hakikusimama. Baba mkwe alidhani anaitwa mwenzake.

Jina lake nalijua. Lakini watu wa kwao, waliotoka Burundi, mke wa mtoto wao halitamki. Hata kanisani likisomwa kwenye matangazo mimi huangalia chini. Mama mkwe aliniambia wiki niliyoolewa: siku utakayolisema, utakuwa umemvua nguo mbele za watu. Nilifungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Ardhi ikatikisika kwa nguvu, maji ya baridi yakanipanda mpaka juu ya vifundo.

"Kubwimana! Hagarara! Kubwimana!"

Nilikuwa nimelitaja jina lake, na kumwambia asimame kwa lugha ya kwao.

Alisimama. Lakini mguu mmoja ulishaingia hadi gotini, na wa pili ulikuwa unaufuata.

"Lala, baba! Lala juu ya mzigo!"

Akautupa mzigo mbele yake, akaulalia. Nikamwendea kwa tumbo, natandika ukangaga mbele yangu, fungu kwa fungu. Chini ya kifua changu nilisikia maji yanapumua. Nililia bila sauti, nikiogopa hata kilio kitatuzamisha. Nikashika mkono wa koti lake, nikavuta. Tope lilikataa, likakataa, halafu likamwachia kwa mlio wa kunyonya.

Tulitambaa hadi kwenye ukangaga mnene, tukakaa.

"Umesikia mtu ameniita jina?" akauliza.

Nikashindwa kumtazama. "Hapana, baba."

"Mimi nimesikia. Sauti ya mwanamke." Akageukia kwenye ukungu. "Scola! Ni wewe umeniita?"

Niliinamisha kichwa nikingoja Scola atasema nini.

"Ndiyo, mzee," Scola akajibu. "Ni mimi. Unisamehe."

"Huyu mtoto kaharibika," Leodgar akasema. "Nyumbani nikimtuma maji hata hasikiki akiitika!"

Baba mkwe hakucheka. Vidole vyangu bado vilikuwa vimeng'ang'ania koti lake, navyo vilikataa kufunguka. Hakuvitoa.

"Umwambie Scola," akasema polepole, kwangu tu, "ukungu ukishuka tena, asingoje. Aniite jina langu tangu mara ya kwanza."

Nikasema nitamwambia.