Simu ya Dukani kwa Manubhai

Daktari wa njia ya mkojo alikuwa Nairobi, na Mzee Makori hakuwa na nguvu ya kufika huko. Basi tabibu wa zahanati ya Keumbu akaomba daktari amsikilize mgonjwa kwa simu, dukani kwa Manubhai.

Makori alijua Kikisii tu. Kiswahili cha mkewe, Abigael, kilikuwa cha sokoni. Aliyeshika mkonga wa simu ni Persis, mkamwana wao, aliyesoma.

"Daktari anauliza mkojo unatokaje," Persis alisema, akiwa amempa mkwewe mgongo.

Kwa Wakisii, mkwe na mkamwana wana chinsoni, haya isiyovukwa. Hata kitanda cha mkwe mkamwana hakigusi. Makori akakazia macho magunia ya sukari.

"Mwambie mgongo unauma."

"Na mkojo?"

"Mgongo, nimesema."

Abigael alijua mzee huenda nyuma ya nyumba mara kwa mara, na kurudi bila tone kutoka. Akakaza fundo la leso yake. Haya ilikuwa yake pia.

"Basi anywe maji mengi, apumzike," Persis akatafsiri.

Makori akanywa kwa utii, kata baada ya kata. Kufikia siku ya soko tumbo lilikuwa gumu kama boga, na maneno yake yamepotea njia.

Abigael akarudi dukani peke yake. Sudha, mke wa Manubhai, alimtazama usoni, akawaomba wateja wangoje nje, akamsogezea kiti. Alipompatia daktari kwenye simu, alifungulia redio na kwenda nyuma kupima mchele ambao hakuna aliyeuagiza.

"Daktari, hakojoi," Abigael alisema. "Siku ile alificha. Mkamwana alikuwepo."



"Mpelekeni hospitali ya Kisii sasa hivi, mama. Nitawapigia wamwekee mrija."

Mrija uliwekwa, mkojo ukatoka mwekundu. Lakini figo, walisema, zilikuwa zimechoka kungoja.

Persis alileta uji, akautua mlangoni mwa wodi, akageukia ukuta.

"Mama, ni mimi niliyesema anywe maji."

Makori alimsikia. "Mwambie," akamnong'oneza mkewe, "maneno yangu aliyafikisha sawasawa."

Abigael akamfikishia. Kisha akachukua uji, akaupoza, akamnywesha mumewe kijiko kidogo kidogo, akifuta kila kilichorudi.